Amana ya nyumba inapogoma kurudi

Mwisho wa mwezi Nairobi husomeka barabarani. Pikapu na mikokoteni hupita imebeba magodoro, friji na makochi yaliyofungwa kamba, na nyuma ya shehena nyingi kuna hesabu ambayo haijafungwa: amana ya nyumba iliyoachwa, ile ambayo mitaani huitwa diposti. Mpangaji anaidai. Mwenye nyumba ana orodha ya rangi, vitasa na bili ya maji. Keateka, mtunza jengo aliye katikati yao, hana mamlaka ya kutoa hata shilingi moja.

Ushauri anaoupata mpangaji huyu unagongana. Jirani humwambia aende kwa chifu. Mwingine humtuma polisi, ambako huambiwa kwamba hilo ni deni, halina jinai ndani yake. Wa tatu humtajia baraza la kodi, naye akifika huko huulizwa analipa kiasi gani kwa mwezi, na jibu lake humfungia mlango. Wenye nyumba nao wana mkanganyiko wao. Wengi huamini kwa dhati kwamba amana ni ya kupaka rangi, na kwamba mpangaji anayeidai yote ni mtu asiyejua desturi.

Ukifuatilia migogoro hii kwa karibu utaona kwamba kuta huzungumzwa sana, ilhali kiini kipo kwingine. Mmoja wa wenye mgogoro ndiye aliyeshika fedha zinazogombaniwa, na wote wawili hawana maandishi ya hali ya nyumba siku ufunguo ulipotolewa.

Fedha za nani, na ziko wapi?

Kwa msingi wa sheria, amana ni fedha ya mpangaji iliyowekwa kwa mwenye nyumba kama dhamana. Haiwi mali ya mwenye nyumba mpaka litokee jambo ambalo mkataba unalitaja: kodi iliyobaki, bili isiyolipwa, au uharibifu. Kodi ya mwezi ikilipwa imekwenda, amana inakaa.

Lakini inakaa wapi? Chukua jengo la vyumba 24, kila mpangaji akiwa ameweka amana ya shilingi 15,000. Hizo ni shilingi 360,000. Kwa kawaida hazina akaunti yake. Huingia palepale kodi inapoingia, zikalipia pampu iliyoharibika, mkopo wa benki uliojenga ghorofa, au karo. Ndiyo maana jibu la "subiri kwanza nipate mtu wa kuingia" mara nyingi ni la kweli kuliko linavyosikika: amana ya anayeingia ndiyo itakayomlipa anayetoka. Nyumba zikiwa zimejaa, mnyororo huu huenda bila mtu kuuona. Wapangaji wanne wakihama mwezi mmoja, unakatika, na hapo ndipo kuta zinapoanza kuonekana chafu.

Hali huwa mbaya zaidi palipo na wakala. Mkataba una jina la mwenye nyumba, fedha zilitumwa kwa namba ya wakala, na miaka mitatu baadaye wakala amebadilishwa. Wa sasa anasema hakukabidhiwa amana za zamani. Jengo likiuzwa, mnunuzi husema alinunua jengo, hakununua madeni yake. Mpangaji hubaki na ujumbe wa M-Pesa wenye jina la kampuni ambayo mlango wake umefungwa.

Pengo la shilingi 2,500

Kenya haina uhaba wa sheria za upangaji. Shida ni namna zilivyogawana kazi. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha enzi nyingine. Leo hata chumba kimoja katika mitaa mingi ya Nairobi kinapita hapo, sembuse bedsita. Sheria nyingine, Sura ya 301 ya mwaka 1965, ina baraza lake, lakini ni ya maduka, hoteli na mikahawa. Ya tatu, Sura ya 293, inahusu kukamata mali ya mpangaji anayedaiwa kodi, na hiyo ni silaha ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo mwenye kibanda cha kuuza mboga ana baraza maalumu. Mwenye chumba cha shilingi 2,000, kama bado kipo, ana baraza pia. Familia inayolipa shilingi 15,000 au 30,000 kwa nyumba ya kuishi, yaani tabaka zima la wapangaji wa mijini, imeachwa na mkataba wake tu, na mkataba huo kwa kawaida umeandikwa na upande mmoja. Mswada wa mwaka 2021 ulitaka kuziunganisha sheria hizi tatu ziwe moja. Haukufika mwisho.

Mchanganyiko wa ushauri wa majirani unatoka hapa. Kila mmoja anasimulia njia iliyomfaa mtu fulani, wakati fulani, katika nyumba ya aina fulani.

Hoja ya mwenye nyumba

Ni rahisi kumchora mwenye nyumba kama fisi. Hoja yake, hata hivyo, ina uzito.

Kwanza, amana ya mwezi mmoja ni ndogo kuliko hatari anayoibeba. Mpangaji aliyeacha kulipa hahamishwi kwa siku moja. Kuna notisi, na akikaidi kuna mahakama, na kodi ya miezi miwili au mitatu inaweza kupotea kabla mlango haujafunguliwa. Wapo wanaohama usiku na kuacha bili ya maji, choo kilichoziba na soketi zilizong'olewa. Dhamana ya mwezi mmoja haifiki hata nusu ya hasara hiyo, na kumtafuta mtu aliyehamia kaunti nyingine ili alipe shilingi 40,000 kunaweza kugharimu zaidi ya deni lenyewe.

Pili, nyumba ambayo haijapakwa rangi haipangishiki. Anayekuja kutazama huangalia ukuta kabla ya kuuliza bei, na kila wiki nyumba inapokaa tupu ni hasara. Mwenye nyumba anataka fundi aingie kesho yake, na fedha za fundi amezizoea kuwa ndiyo amana.

Tatu ni notisi. Mpangaji anayetoa taarifa tarehe 28 kwamba anaondoka tarehe 30 amemnyima mwenzake muda wa kutafuta mtu mwingine. Kama mkataba unasema mwezi mmoja, kukata amana kwa sababu hiyo kunaeleweka.

Udhaifu wa hoja yote ni kwamba inachanganya gharama za biashara na makosa ya mpangaji. Kupaka rangi kila baada ya miaka michache ni gharama ya kumiliki nyumba ya kupangisha, kama mafuta yalivyo gharama ya mwenye matatu. Abiria halipishwi tairi kwa sababu aliketi ndani ya gari. Kuna pia kasoro ya utaratibu: mwenye nyumba ndiye anayedai, anayepima uharibifu, anayechagua fundi, na anayejilipa. Hata mtu mwaminifu akipewa nafasi hizo nne kwa pamoja atajipendelea kidogo.

Hoja ya mpangaji, na hesabu ya rangi

Mpangaji husimama juu ya maneno mawili: uchakavu wa kawaida. Zulia linalofifia, rangi inayopauka karibu na swichi, bawaba inayolegea, vigae vinavyopoteza mng'aro, hivyo huletwa na kuishi. Kitasa kilichovunjwa kwa teke, sinki iliyopasuka, ukuta uliochorwa na watoto kwa kalamu za rangi, hivyo ni uharibifu. Kati ya ncha hizi mbili kuna eneo pana la ubishi. Matundu ya misumari minne ya pazia ni nini? Ukungu wa bafuni umeletwa na mpangaji asiyefungua dirisha, au na fundi aliyejenga bafu lisilo na dirisha?

Hata uharibifu ukithibitishwa, swali la kiasi hubaki, na hapa ndipo wapangaji wengi wanapopoteza fedha bila kujua. Tuseme kuipaka nyumba rangi kunagharimu shilingi 20,000 na rangi hiyo inategemewa kudumu miaka minne. Mpangaji aliikuta mpya, amekaa miaka mitatu, na kweli amechafua kuta kupita kiasi. Kilichobaki cha thamani ya rangi ile ni mwaka mmoja kati ya minne, yaani shilingi 5,000. Akikatwa 20,000 zote, amemnunulia mwenye nyumba rangi mpya badala ya kumlipia iliyokuwa imebakiza robo ya umri wake. Waamuzi wa migogoro ya amana nchini Uingereza hutumia hesabu ya aina hii kila siku. Kwetu haijazoeleka hata kwa wapangaji wanaojua kubishana.

Kuna mikataba inayojaribu kuliruka suala hili kwa sentensi moja: mpangaji atapaka nyumba rangi anapoondoka, au atakatwa gharama yake. Aliyetia sahihi ana wakati mgumu. Lakini kifungu hicho kina maana iwapo aliipokea nyumba ikiwa imepakwa rangi mpya. Aliyekabidhiwa kuta za mpangaji aliyetangulia, kisha akatakiwa kuziacha mpya, analipia miaka ambayo hakuishi humo.

Hoja ya mpangaji nayo ina shimo. Wengi hudai uchakavu wa kawaida kwa vitu ambavyo havikuchakaa, na karibu wote hawana picha hata moja ya siku walipoingia. Anayesema "nilikuta hivi hivi" bila ushahidi hana nguvu kuliko mwenye nyumba anayesema "nilikukabidhi nzima".

Kuimaliza amana ukiwa ndani

Kwa kutoaminiana huku, wapangaji wamebuni dawa yao. Mwezi wa mwisho hawalipi kodi; humwambia mwenye nyumba akate kwenye amana. Mantiki yake inaeleweka, hasa ukitazama gharama ya kuhama. Nyumba ya shilingi 25,000 inataka kodi ya kwanza 25,000, amana 25,000, pengine amana ndogo ya maji na stima, na gari la kubeba mizigo. Mtu anatakiwa kutoa zaidi ya 50,000 kabla amana ya zamani haijarudi. Kwa mshahara wa kawaida, kusubiri irudi kwanza haiwezekani.

Lakini mbinu hii inaharibu kile amana ilichowekewa. Dhamana ikishaliwa, mwenye nyumba hana kinga dhidi ya bili na uharibifu, na anajua hivyo. Matokeo yake yanaonekana sokoni: baadhi ya mawakala sasa hudai amana ya miezi miwili, au huandika waziwazi kwamba amana haitatumika kama kodi. Mpangaji mwaminifu anayefuata huingia kwa bei iliyopandishwa na hofu ya watu asiowajua.

Walivyofanya wengine

Njia ya kwanza ni kumnyang'anya mwenye nyumba ushikaji wa fedha. New South Wales nchini Australia iliunda bodi ya amana kwa sheria ya mwaka 1977. Amana, isiyozidi kodi ya wiki nne, hupelekwa huko, na riba yake husaidia kuendesha huduma za wapangaji na baraza la migogoro. Uingereza ilifika baadaye. Tangu Aprili 2007, katika England na Wales, amana lazima ilindwe na mpango ulioidhinishwa na serikali; mwenye nyumba ana siku 30 za kufanya hivyo, na akikosa anaweza kuamriwa kulipa kati ya mara moja na mara tatu ya amana yenyewe. Mwaka 2019 England iliongeza kikomo: wiki tano za kodi kwa nyumba nyingi. Pande mbili zikigombana, mwamuzi wa mpango husoma picha, orodha na risiti, akaamua bila kikao. Na kwa kuwa fedha ni za mpangaji mpaka ithibitishwe vinginevyo, mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye nyumba.

Ujerumani imechagua njia ya katikati. Mwenye nyumba anaishika amana, lakini haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, mpangaji anaruhusiwa kuilipa kwa awamu tatu, na lazima ikae katika akaunti iliyotengwa, ikizaa riba ambayo ni ya mpangaji.

Afrika Kusini ndiyo yenye fundisho la karibu zaidi. Sheria yake ya Nyumba za Kupangisha ya mwaka 1999 inazitaka pande mbili zikague nyumba kwa pamoja kabla mpangaji hajaingia, na tena ndani ya siku tatu za mwisho kabla hajatoka. Kama hakuna kinachodaiwa, amana na riba yake hurudi ndani ya siku 7. Kama kuna matengenezo, baki hurudi ndani ya siku 14 baada ya kazi kukamilika, na risiti mpangaji anaweza kuzikagua. Kifungu chenye makali ni hiki: mwenye nyumba asiyefanya ukaguzi mbele ya mpangaji huhesabiwa kuwa amekubali kwamba nyumba iko katika hali njema, na hana dai tena. Mpangaji anayekwepa ukaguzi naye hapendelewi. Mwenye nyumba hukagua peke yake, na muda wa kurudisha baki unakuwa siku 21.

Tanzania inafaa kutajwa kwa sababu tofauti. Jijini Dar es Salaam desturi iliyotawala ni kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Fedha ya mbele inafanya sehemu ya kazi ya amana, kwani mwenye nyumba hawezi kukosa kodi aliyokwisha kuipokea, na ugomvi wa rangi hupungua. Mahali pake hukaa ugomvi mwingine: mpangaji aliyehamishwa kikazi mwezi wa pili anadai kodi ya miezi minne iliyobaki, na mwenye nyumba ameshaimwaga kwenye msingi wa nyumba nyingine. Yupo atakayekwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wengi huachia. Anayedhani kufuta amana kutamaliza migogoro aangalie huko kwanza.

Kupima

Mfumo wa amana kushikwa na bodi isiyo na upande ndio safi kuliko yote kwenye karatasi. Unatenganisha fedha na hakimu wake. Lakini una gharama ambazo watetezi wake hapa nyumbani huzipitia haraka. Katika ploti ya vyumba vya mabati ambako amana ni shilingi 3,000, kazi ya kusajili, kutunza na kuamua migogoro inaweza kuigharimu bodi zaidi ya amana yenyewe. Kisha kuna siasa. Daftari la amana ni daftari la wenye nyumba, na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ingelipenda sana. Wenye majengo wanalijua hilo. Wengi wangepokea amana kwa fedha taslimu bila risiti ili wasisajiliwe, na mpangaji angepoteza hata ule ujumbe wa M-Pesa alio nao leo. Tuongeze kwamba bodi ya serikali inayoshika mabilioni ya watu wengine inahitaji uaminifu ambao taasisi zetu bado hazijaupata.

Kikomo cha amana peke yake hakitoshi pia. Ukimbana mwenye nyumba kwenye amana, hatari yake haiyeyuki. Ataihamishia kwenye kodi, kwenye madai ya mdhamini, au kwa kumkataa mtu wa kibarua na kumchagua mwenye hati ya mshahara. Wa chini ndiye anayeumia.

Akaunti iliyotengwa, ya Kijerumani, ni nzuri kwa kampuni zenye majengo makubwa, ambazo tayari zina wahasibu. Kwa mama mwenye vyumba sita Kayole ni mzigo mwingine usio na mtu wa kuukagua.

Kanuni ya ukaguzi wa pamoja inashinda kwa sababu haihitaji ofisi mpya. Inahitaji kifungu kimoja cha sheria kinachogeuza dhana: hakuna ukaguzi, hakuna kukata. Simu inayopiga picha ipo karibu katika kila ploti, hata mkononi mwa keateka. Kanuni hii inamlinda mwenye nyumba mwadilifu vilevile, kwani aliye na karatasi yenye sahihi ya mpangaji kwamba sinki ilikuwa nzima hatasumbuka kuthibitisha. Ina kasoro yake. Haizuii fedha kutumika, na amana iliyokwisha kuliwa hairudi kwa sababu tu karatasi inasema irudi. Lakini inaondoa kisingizio, na mdaiwa asiye na kisingizio ni rahisi kumfikisha mahakamani.

Mlango uliopo leo

Na mahakama ipo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe. Mahakama haifungwi na masharti makali ya ushahidi, jambo linalofungua nafasi kwa mazungumzo ya WhatsApp na picha za simu. Madai kuhusu nani amiliki au akalie nyumba hayaingii humo. Fedha zilizopokewa na kushikiliwa zimetajwa katika sheria hiyo, na amana inafaa kudaiwa kwa sura hiyo, ingawa wakili wa upande wa pili anaweza kubisha kwamba ugomvi wa upangaji si wa mahakama hiyo. Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka sita, kwa hiyo aliyehama mwaka jana hajachelewa.

Kabla ya kufika huko kuna barua ya madai: tarehe ya kuhama, kiasi, namba ya muamala wa malipo, na siku 14 za kujibu kwa orodha ya makato yenye risiti. Mwenye nyumba aliyezoea kusema "nitakupigia" hulazimika kuandika, na akiandika lazima ataje bei ya rangi na jina la fundi.

Bunge likirudi kwenye suala hili, lianze na kiwango cha shilingi 2,500, kisha liingize ukaguzi wa pamoja na tarehe ya mwisho ya kurudisha fedha. Suala la nani ashike amana linaweza kusubiri, likianza na majengo makubwa yanayosimamiwa na mawakala. Kwa sasa anayeingia nyumba mwisho wa mwezi huu ana dakika 20 kabla pikapu haijashusha godoro: apige picha kila ukuta, asome mita ya maji na ya stima, afungue kila bomba, amtumie mwenye nyumba picha zote siku hiyohiyo, na amwombe keateka atie sahihi kwenye karatasi moja.